Majani ya mwembe na mkungu: nina viroba 34, niyafanyeje kabla ya vuli?

Mama wa Kihonda – Morogoro, mwisho wa Agosti

Ndugu zangu wa bustani, habari za jioni. Naomba msaada wenu. Mnivumilie, nitaeleza kwa urefu ili anayejibu ajue hali yangu ilivyo.

Naishi Kihonda, Morogoro. Nyuma ya nyumba nina kipande cha hatua kumi na mbili kwa tisa, nalima mchicha, chainizi, nyanya chungu, bilinganya na matuta mawili ya matembele. Udongo wangu ni kichanga chekundu. Ukimwagilia asubuhi, saa nane mchana ukichokonoa kwa kidole unakuta vumbi. Bomba likikauka nanunua maji kwa ndoo, na kiangazi natumia ndoo nane kila siku kwa bustani peke yake.

Mbele ya nyumba kuna mwembe mkubwa wa dodo, na jirani ana mkungu unaotupa nusu ya majani yake upande wangu. Mnaoujua mkungu mnanielewa: majani yanageuka mekundu kama shaba, na baada ya siku chache yote yako chini. Kwa miaka saba nimefanya kama nilivyolelewa. Alfajiri nafagia uwanja kwa chelewa mpaka udongo uonyeshe mistari ya fagio, nakusanya rundo, nawasha kiberiti. Mwanangu wa pili ana pumu. Mwaka jana, asubuhi moja moshi ulipoingia chumbani kwake, nilizima ule moto kwa maji ya kufulia na sijawasha mwingine.

Sasa kilichonileta hapa. Baada ya kuacha kuchoma nilichukua yale majani makavu, nikayafukia kwenye matuta mawili kwa kina cha jembe, nikamwaga mbegu za mchicha wiki ile ile. Mchicha uliota, ukafika urefu wa kidole cha shahada, ukagoma hapo hapo. Majani ya chini yakawa manjano. Tuta la tatu ambalo sikuweka chochote lilinipa mchicha wa kula wiki sita. Niliumia, maana nilikuwa nimejinyima usingizi kufukia yale majani. Mama mmoja wa mtaani akaniambia majani ya mwembe yana sumu, niyachome tu kama watu wote.

Lakini mwezi wa tano nilichimba matuta yale yale nikakuta udongo mweusi, laini, una minyoo minene. Kama ni sumu, minyoo imetoka wapi? Tangu siku ile sina amani. Nahisi miaka saba nimekuwa nikichoma kitu ambacho bustani yangu ilikuwa inakililia.

Safari hii nimekusanya kwa nguvu. Nina viroba 34, ukubwa wa kiroba cha kilo hamsini. Kumi na vitatu ni mwembe, tisa ni mkungu, sita ni misaji iliyo kando ya shule (nilimwomba mlinzi, akanifungulia geti Jumamosi), vinne ni mjohoro kutoka uwanja wa kanisa, na viwili vya mkaratusi nimevitenga kwa sababu harufu yake inanitia shaka. Nina magunia matatu ya samadi ya mbuzi, na jirani mwenye kuku wa mayai ananipa kinyesi nikitaka.

Naomba kujua kwa nini mchicha wangu uliumwa, nianzeje ili mwezi wa kumi na moja nipande bila kurudia kosa, na kuhusu mchwa: viroba vitatu vya chini tayari wameviingia. Na jirani wa upande wa pili amesema wazi kwamba nikirundika majani nitamfugia nyoka. Ni mtu mzima ninayemheshimu, sitaki ugomvi naye.

---

Bustani Tegeta – Dar es Salaam

Shikamoo mama. Majani yako hayana sumu. Mchicha wako ulikufa njaa.

Wadudu wasioonekana kwa macho wanaoozesha majani wanahitaji kaboni na naitrojeni. Jani kavu lina kaboni tele, kuanzia sehemu 40 mpaka 80 kwa sehemu moja ya naitrojeni, na wao wanafanya kazi vizuri panapokuwa na 25 hadi 30 kwa moja. Ukifukia jani kavu tupu, wanakwenda kutafuta naitrojeni wanayopungukiwa kwenye udongo ulio karibu, na mchicha mchanga haushindani nao. Ndiyo maana yale majani ya chini yalikuwa manjano: mmea ulikuwa unaitoa naitrojeni huko na kuipeleka kwenye majani mapya. Kazi ya kuoza ilipokwisha, walikufa wakairudisha. Udongo mweusi ulioukuta mwezi wa tano ndio huo. Kwa hiyo mama, hukukosea kitu chenyewe, ulikosea kupanda siku ile.

Sasa rundo. Hapa nitakueleza kwa kirefu, maana nimeharibu marundo mawili kabla sijajua.

Kwanza kata majani. Jani la mwembe ni gumu, lina ngozi kama ya mkoba, na zima zima linaweza kukaa miezi sita halijabadilika. Mimi natia majani kwenye pipa lililokatwa juu, nakatakata kwa panga kama mtu anayekata mboga ya kisamvu, mpaka vipande viwe kama nusu ya kiganja. Msaji na mjohoro huna haja ya kuvihangaikia sana. Kisha loweka usiku mmoja. Usipite hapa haraka. Jani kavu linakataa maji: utamwagia rundo ndoo tano juu, ukichimbua ndani utakuta pakavu kabisa. Rundo langu la kwanza lilikaa miezi minne namna hiyo, na mchwa wakalifanya nyumba.

Chini panga vijiti vya unene wa kidole ili hewa ipite. Juu yake majani yaliyolowekwa, kina cha shibiri moja. Juu ya majani weka samadi kina cha vidole vitatu. Juu ya samadi weka kitu kibichi: magugu ambayo hayajatoa mbegu, maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, na alizeti pori kama iko karibu nawe, ile yenye maua ya njano inayoota kando ya barabara, maana majani yake yana virutubisho vingi sana. Nyunyiza udongo wa bustani, halafu anza tena. Panda hivyo mpaka kifuani. Lisipungue mita moja kila upande na mita moja kwenda juu, kwa sababu rundo dogo halishiki joto. Kinyesi cha kuku ni kikali kuliko samadi ya mbuzi, hicho tia nusu ya kipimo.

Chomeka fimbo ndefu katikati. Siku ya nne au ya tano ichomoe uishike. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuing'ang'ania, rundo linafanya kazi, pale katikati panafika nyuzi 55 hadi 65 na mbegu za magugu zinakufa. Ikiwa ya baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa ya baridi na inanuka, umezidisha maji au kibichi: lifungue, changanya majani makavu. Kipimo cha maji ni kuchota konzi moja na kuiminya. Yatoke matone mawili matatu. Yakitiririka, yamezidi.

Geuza baada ya wiki tatu, vya pembeni viingie katikati. Geuza tena baada ya wiki tatu nyingine. Funika kwa majani ya migomba au turubai kuukuu lisikauke wala lisilowane na mvua. Kwa majani ya mwembe yaliyokatwa usitegemee mboji iliyokomaa kabla ya miezi mitatu, kwa hiyo mama, uanze wiki hii.

Majani yenye madoa meusi ya chule, ule ugonjwa wa ukungu, yatie katikati kabisa kwenye joto, usiyatandaze chini ya mwembe wala kwenye pilipili. Mkaratusi weka kwenye vijia vya kupita, utakusaidia kuzuia magugu. Mafuta yake hayapendani na mbegu ndogo.

---

Mwana wa Kibanja – Mwanza, kwetu Bukoba

Mama, nimesoma habari ya uwanja uliofagiliwa nikamkumbuka bibi yangu. Kwetu Kagera uwanja wa mbele ya nyumba unafagiliwa kama huo wako, lakini ukishavuka mstari wa kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, ni marufuku fagio. Nikiwa mtoto niliwahi kufagia chini ya migomba nikidhani namfurahisha. Aliniambia nimemvua nguo mgomba, akanituma nirudishe kila jani kwa mikono.

Kibanja chetu kilikuwa kinalishwa na rweya. Wanawake walikwenda huko kwenye uwanda wa nyasi, wanakata, wanafunga mizigo, wanabeba kichwani na kutandaza chini ya migomba na kahawa. Kizazi baada ya kizazi. Udongo wa rweya ni duni, ukiuvuka unaingia kwenye kibanja chenye udongo mweusi, na tofauti hiyo ilijengwa na vichwa vya akina mama. Siku hizi sehemu kubwa ya rweya imepandwa misonobari na mikaratusi, nyasi ni za kutafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu: usipeleke viroba vyote kwenye rundo. Kwa maji yako ya kununua, bakiza kama kumi na tano vya kutandaza juu. Jani likiwa juu ya udongo halinyang'anyi naitrojeni kama likifukiwa, maana linagusana na udongo kwa chini tu. Jua halipigi udongo, tone la mvua halipasui kichanga chako, na minyoo inapanda yenyewe kuchukua chakula.

Mambo mawili nimeyajua kwa kupata hasara. Jani la mkungu ni pana, likilala zima juu ya jingine linakuwa kama vigae vya paa, mvua ndogo yote inateremka pembeni na tuta linabaki kavu. Likate, au lichanganye na nyasi. La pili, usisogeze matandazo mpaka kwenye shina. Mboga ziachie upana wa kiganja. Migomba iachie hata futi mbili, fukusi wanapenda kujificha kwenye unyevu ulioegemea shina.

Na kama una migomba, ile inayonyauka usiikatekate kuitia kwenye rundo wala matandazo. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba uingie Muleba mwaka 2006 tumeona panga moja likimaliza shamba.

---

Hombolo Kavu – Dodoma

Mama Kihonda, mimi nitasema la mchwa tu, wengine wamemaliza.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na baada ya hapo chochote kikavu kilicho chini ni cha mchwa. Nikitandaza majani makavu mwezi wa saba, wiki mbili nakuta vumbi la udongo lenye umbo la majani. Zamani nilimwaga dawa. Niliacha, maana nakula mboga za pale pale.

Mchwa wanataka pakavu na pametulia. Rundo lenye maji na joto hawalikai, na ukiligeuza unawavunjia njia zao. Kwa hiyo viroba vyako vitatu walivyoingia usivitupe, vimwage juani kuku wafanye kazi yao, kisha vilowekwe vya kwanza. Vingine vipandishe juu ya mawe au mbao leo hii, visiguse ardhi.

Mimi natengeneza mboji kwenye shimo la futi mbili kwenda chini, upana wa hatua mbili, kwa sababu huku unyevu ukipotea haurudi. Kwa Morogoro sijui kama ningechimba, vuli ikijaza shimo maji mboji itanuka na kuoza vibaya. Hilo angalia mwenyewe jinsi maji yanavyosimama kwenye kiwanja chako.

Na usiwachukie sana mchwa. Babu yangu alikuwa anabomoa kichuguu kilichohamwa na kubeba ule udongo mpaka shamba la mtama. Mahali pale mtama ulikuwa unajulikana kwa mbali.

---

Kando ya Ngerengere – Morogoro

Mama, hongera kwa kuacha kuchoma. Naomba niongeze neno moja kwa wote wanaosoma hapa mjini kwetu. Kusanyeni majani ya viwanjani, shuleni, kanisani, msikitini, barabarani. Msipande milima ya Uluguru na viroba. Yale majani yaliyo chini ya msitu ndiyo yanayonywa mvua na kuiachia taratibu mpaka kwenye mito yetu, na mito hiyo inakwenda Ruvu, maji wanayokunywa watu wa Dar. Msitu ni hifadhi, na hauna majani ya ziada.

Ya barabarani chambueni. Nimewahi kuokota betri, sindano na vipande vya nepi kwenye kiroba kimoja. Na kabla hujachukua nyasi za mtu muulize kama alipulizia dawa ya magugu. Akisita kujibu, ziache.

---

Mama wa Kihonda

Nimesoma yote mara mbili, na ya Bustani Tegeta nimeyaandika kwenye daftari. Mungu awabariki. Neno la kumvua nguo mgomba limenikaa moyoni.

Nimeamua rundo la juu ya ardhi, si shimo. Nyuma ya choo maji husimama mwezi wa nne, nimeshaona. Viroba 19 vya rundo, 13 vya kutandaza, mkaratusi kwenye vijia.

Kwa jirani nimekwenda mwenyewe jana jioni. Nimemwahidi rundo litakuwa mita nne kutoka ukuta wake, nitaligeuza kila wiki tatu asiwepo mdudu wa kutulia humo, na uwanja wa mbele nitaendelea kuufagia. Amekubali kwa shingo upande. Ameniambia akiona nyoka mmoja, majani yote yaondoke. Nimekubali pia, maana ni haki yake.

Swali moja: Bustani Tegeta, mwanangu, majivu ya jikoni nitie?

---

Bustani Tegeta

Konzi mbili kwa rundo zima, mama, kwa kunyunyiza. Zaidi ya hapo yanafanya mboji kuwa na magadi, na yakichanganyika na samadi mbichi yanafukuza naitrojeni hewani. Utaisikia kwa pua, inachoma.

---

Mama wa Kihonda – katikati ya Novemba

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa kama nilivyoahidi moyoni.

Kukata viroba 19 kwa panga kulinichukua jioni sita, mimi na binti yangu. Siku ya tano nilichomoa fimbo, ikawa ya uvuguvugu tu kama chai iliyosahauliwa. Nilifungua rundo nikakuta tabaka la mwembe katikati ni kavu, lile ambalo sikuliloweka kwa sababu pipa lilikuwa limejaa na nilikuwa nimechoka. Nikalivunja lote, nikalowesha upya, nikaongeza ndoo mbili za kinyesi cha kuku. Siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, mvuke ulikuwa unatoka juu kama sufuria ya mihogo. Fimbo sikuweza kuishika. Nilimwita mwanangu aje aone.

Nimegeuza mara mbili. Lilikuwa kifuani, sasa liko chini ya goti. Rangi ni ya kahawa iliyokaangwa, harufu ni ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Majani ya msaji na mjohoro siyaoni tena, mkungu umebaki mishipa, mwembe bado unaonekana vipande. Kwa hiyo haijaiva yote, nanyi mlinionya. Nimechekecha kwa wavu wa dirisha uliochanika nikapata ndoo kumi na moja, makapi nimeyarudisha.

Matandazo ndiyo yaliyonishangaza kuliko rundo. Niliacha tuta moja wazi kwa makusudi. Matuta yaliyofunikwa, mwezi wa kumi wote, nilimwagilia siku ya tatu badala ya kila siku, na nikichokonoa kwa kidole pana ubaridi. Tuta lililo wazi liliendelea kudai kila asubuhi. Ndoo nane za kila siku ziligeuka kuwa tatu au nne ukipiga wastani. Kwa mwenye kununua maji, mnaelewa. Mchwa walikula pembeni, upande wa ukuta wa mashariki, nami nimewaachia ile pembe.

Nyoka hajaonekana. Alionekana kenge mdogo, akapita zake. Jirani hajabadili mawazo yake, bado anachoma, ila sasa anawasha mchana mwanangu akiwa shuleni, na mara mbili ameniruhusu nichukue kabla hajawasha.

Mchicha nimeumwaga wiki iliyopita kwenye matuta yale mawili yaliyonitia uchungu mwaka jana, ndoo mbili za mboji kila tuta. Leo una majani manne, kijani kizito. Nasubiri upite urefu wa kidole cha shahada.

Aliye Morogoro mjini na anajua wapi naweza kupata chekeche ya fundi, ile ya matundu ya nusu inchi, naomba aniambie na bei. Wavu wa dirisha umekwisha.